Kwa nini ufufuo uliwatatiza wanafunzi wa Yesu

Katika Marko 9, Petro, Yakobo na Yohana wanashuka mlimani baada ya kumwona Yesu akigeuka sura. Anawakataza kusimulia waliyoyaona mpaka Mwana wa Adamu, yaani yeye mwenyewe, atakapofufuka katika wafu. Wanakubali, kisha wanaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe: huko kufufuka maana yake nini? Wahubiri wengi hupapitia hapa haraka kwa kusema wanafunzi walikuwa wazito wa kuelewa. Sivyo. Fundisho la ufufuo walilijua, na kulijua huko ndiko kulikowatatiza.

Wayahudi wengi wa karne ya 1, kundi la kidini la Mafarisayo likiwa mbele, walitazamia kwamba siku ya mwisho Mungu atawaamsha wafu, wenye haki wapate thawabu na waovu wahukumiwe. Andiko lililo wazi zaidi ni Danieli 12:2, linalowataja wengi waliolala mavumbini watakaoamka. Uzito wa imani hiyo unaonekana katika 2 Wamakabayo 7: ndugu saba wanauawa mmoja baada ya mwingine chini ya Antioko wa Nne, mfalme aliyewatesa Wayahudi, na yule wa tatu ananyosha mikono ikatwe huku akisema anatumaini kurudishiwa na Mungu. Mikono ile ile. Hawakuwa wakiwaza roho kupaa tu. Masadukayo, waliokuwa karibu na makuhani wakuu, waliukana ufufuo kabisa.

Kwa hiyo ufufuo ulikuwa tukio la watu wengi pamoja, mwisho wa nyakati, na ulimwengu ungegeuzwa papo hapo. Martha anaikariri imani hiyo bila kukwama katika Yohana 11:24, anapoambiwa nduguye atafufuka: najua, siku ya mwisho. Yesu alikuwa akisema jambo jingine: mtu mmoja atauawa, na baada ya siku tatu atakuwa hai, huku Kaisari bado anatawala na makaburi mengine yamefungwa vile vile. Ndiyo maana swali la wanafunzi katika Marko 9:11 linaonekana limeruka mada: mbona waandishi husema Eliya lazima aje kwanza? Halijaruka. Malaki 4:5 inasema Eliya atatumwa kabla ya siku ile kuu ya Bwana. Kama ufufuo uko mlangoni, Eliya yuko wapi? Wanapiga hesabu ya nyakati, na hesabu haikubali.

Kikwazo cha pili kilikuwa kifo chenyewe. Matendo 5:36 inamtaja Theuda, aliyefuatwa na watu wapatao 400. Alipouawa, wafuasi wakatawanyika na mambo yakaishia hapo. Kiongozi akifa, harakati imekufa. Tena Kumbukumbu la Torati 21:23 inasema aliyetundikwa mtini amelaaniwa. Soma Marko 8:31-32 kwa makini: Yesu anataja kuteswa, kuuawa na kufufuka, na Petro anaanza kumkemea. Kwa maoni yangu, masikio yake yaliziba kwenye neno “kuuawa” na la mwisho halikumfikia.

Matokeo yake ni kwamba Jumapili asubuhi, baada ya Yesu kusulubiwa, hakuna aliyekuwa akingoja. Wanawake walinunua manukato, na njiani walihangaika ni nani atawavingirishia jiwe. Manukato hununuliwa kwa ajili ya maiti. Maria Magdalene alipoona kaburi tupu alidhani mwili umehamishwa. Mitume walipoletewa habari waliziona upuzi, na Yesu aliposimama kati yao walidhani ni roho.

Hapo Luka 24 inaeleza kwa undani: wanaonyeshwa mikono na miguu, wanaambiwa washike, kisha Yesu anaomba chakula, anapewa kipande cha samaki wa kuokwa na kukila mbele yao. Samaki huyo anaondoa dhana ya mzuka. Dhana ya kwamba amerudia uhai wa zamani, kama Lazaro nduguye Martha aliyefufuliwa na Yesu, inaondolewa na sanda. Lazaro alitoka amefungwa mikono na miguu, ikabidi watu wamfungue, na kwa kawaida ya wanadamu alikuja kufa tena. Katika Yohana 20 vitambaa vimebaki kaburini, na leso ya kichwani imezongwa kando peke yake.

Miaka ya 50 ya karne hiyo ya 1 swali liliibuka upya huko Korintho, safari hii kwa sababu tofauti. Wagiriki wengi walizoea kuwaza kwamba roho hunufaika kwa kuuacha mwili. Kuurudisha kulionekana hasara. Baadhi ya Wakristo wa huko wakasema hakuna ufufuo wa wafu. Paulo anawajibu katika 1 Wakorintho 15 kwa mfano wa mbegu, kisha anataja “mwili wa roho”. Wasomaji wengi huteleza hapa na kudhani ni roho bila mwili. Paulo anasema mwili, unaohuishwa na Roho wa Mungu, usioharibika.

Neno lake lenye kazi kubwa zaidi katika sura hiyo ni limbuko, yaani mazao ya kwanza, analomwita Kristo. Walawi 23:10-11 inaagiza mganda wa kwanza wa mavuno upelekwe kwa kuhani. Mganda huo ni sehemu ya mavuno yale yale, ila umetangulia. Kwa hiyo tukio lile moja la siku ya mwisho limepata hatua mbili: Kristo kwanza, kisha walio wake atakapokuja. Hesabu ya kule mlimani inakubali, bila kulitupa fundisho la Danieli. Wapo waliokosea kwa upande wa pili: 2 Timotheo 2:17-18 inawataja Himenayo na Fileto, waliofundisha kwamba ufufuo umekwisha kutokea, na kwa hiyo hakuna mavuno mengine ya kungoja.