Oparesheni ya matundu ya kutoa figo ni nini hasa?

Jumapili tulikuwa na kikao cha familia kule mtaa wa Umoja, binamu yangu amejitolea kumpa kakake figo, na mjomba akauliza swali ambalo naona wengi wako nalo ila wanaogopa kuuliza: "Sasa kama wanatoboa tu matundu, hiyo figo itapitia wapi?"

Mjomba ako sawa kabisa. Figo ya mtu mzima ni kama ngumi, urefu sentimita 10 hadi 12 hivi, haiwezi kupita kwa tundu la sentimita moja. Kwa hii oparesheni, ile madaktari wanaita laparoskopi, unalazwa usingizi, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi lifure ndio wapate nafasi ya kuona, halafu kamera inaingia kwa tundu moja na vyombo vyembamba kwa mengine mawili matatu, daktari anaangalia skrini huku anatenganisha figo pole pole na mafuta yaliyoizunguka. Mishipa ya damu inakatwa mwisho kabisa ili figo isikae sana bila damu. Inatolewa kwa mkato mmoja, mara nyingi chini ya tumbo pale kina mama hukatwa wakijifungua kwa oparesheni, kama sentimita 6 hadi 8. Kwa hivyo ukisikia matundu, jua mkato pia upo, ni vile tu ni mdogo.

Mara nyingi wanachukua figo ya kushoto, kwa sababu mshipa wake wa kurudisha damu ni mrefu na unawapa nafasi ya kushona vizuri kwa mgonjwa.

Njia ya zamani ni ya kufungua ubavu. Unalazwa kwa ubavu, unapasuliwa sentimita 15 hadi 20, misuli inakatwa na wakati mwingine kipande cha ubavu wa mwisho kinatolewa. Huo ndio uchungu watu walikuwa wanaogopa, kukohoa tu ni shida, kushuka matatu ni shida. Kutoka pacha mmoja ampe mwenzake figo kule Boston 1954, kwa miaka 40 hiyo ndiyo njia watoaji walikuwa nayo, mpaka 1995 madaktari wa Johns Hopkins kule Baltimore wakatoa figo ya mtu aliye hai kwa laparoskopi mara ya kwanza.

Kuna ile daktari anaingiza mkono mmoja kwa mkato huku kamera inaendelea, naipenda kwa sababu damu ikitoka ghafla anabana na vidole. Kuna pia ya roboti, lakini roboti haijifanyii kazi, daktari ndiye anaiendesha ameketi kando, na kwa mtoaji tofauti yake na laparoskopi ya kawaida si kubwa vile bei inavyofanya udhani.

Kitu nilitaka familia ishike ni hiki: kwa anayepokea, figo inafanya kazi karibu sawa tu haijalishi ilitolewa vipi. Tofauti inabebwa na mtoaji. Laparoskopi inaweza kuchukua muda zaidi thieta, lakini wengi wanarudi nyumbani siku ya pili au ya tatu na kazini baada ya wiki 3 au 4, wakati ya ubavu inaweza kufika 6 hadi 8. Na ukitia sahihi ya matundu unakubali pia wafungue wakilazimika, kama damu imekataa kusimama, hapo daktari anaokoa maisha yako, hajashindwa. Mimi ningemuuliza ametoa figo ngapi kwa njia hiyo kabla sijauliza kuhusu mashine.

Hata kwa matundu, kubeba vitu vizito ni marufuku kama wiki 6 hivi. Binamu hakuuliza chochote kuhusu kovu, aliuliza nani atampandishia mitungi ya maji, anakaa floo ya nne na mifereji hukauka kila wiki. Tumeshaandika zamu, mjomba amechukua Jumamosi.