Je, wajua? "Drunk" na "a drunk" si mtu yule yule

Ukiandika kwa Kiingereza "he is drunk", umesema kwamba mtu huyo amelewa sasa hivi. Kesho pombe itamtoka, na sentensi yako haitakuwa kweli tena. Ukiongeza herufi moja tu, "he is a drunk", umekwisha kumwita mlevi, mtu aliyezoea ulevi. Kwetu tofauti hiyo iko wazi: kulewa ni jambo moja, kuwa mlevi ni jingine. Kwao imejificha kwenye "a", na mwanafunzi wa Kiingereza anaweza kumtukana mtu bila kukusudia.

"Drunkard" pia ni mlevi, lakini neno lenyewe ni la zamani na limejaa lawama. Ule mwisho wa "-ard" ni wa kudharau. Utauona pia kwenye "coward", yaani mwoga, na "sluggard", mvivu.

"Alcoholic" limetoka kwa madaktari. Mwaka 1849 Magnus Huss, daktari wa Sweden, aliyapa madhara ya unywaji wa muda mrefu jina la "alcoholismus chronicus", akayaeleza kama ugonjwa. (Neno alkoholi lenyewe lina asili ya Kiarabu, "al-kuhl", ambayo kwanza ilikuwa wanja wa macho.) Kwa kuwa linataja ugonjwa, mtu anaweza kuitwa "alcoholic" na leo hajaonja hata tone. Katika Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, wanachama hujitambulisha kwa neno hilo hata wakiwa wameacha pombe miaka 20. Na mtu huyohuyo husema yeye ni "sober": neno hili huweza kumaanisha hajalewa, au ameachana na pombe kabisa.

Asiyegusa pombe kamwe ni "teetotaller", neno linalohusishwa na hotuba ya Richard Turner mjini Preston, Uingereza, mwaka 1833.

Jihadhari pia na "he drinks". Lisipofuatwa na jina la kinywaji, msikilizaji hafikirii maji wala chai. Anaelewa kwamba mtu huyo hutumia pombe, na mara nyingi kwamba huizidisha. Kama anakunywa kiasi akiwa na wenzake, sema "a social drinker". Na kama unazungumza na ndugu wa mtu aliyetekwa na pombe, nakusihi "drunkard" usilitumie. "He has a drinking problem" litaeleweka vilevile, na halitamuumiza.