Kwa nini Nairobi "mjanja" ni sifa na pia ni tusi?

Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi, beli la marinda limekatwa tu na wanunuzi wamelizingira wakigombania kamera, yaani zile nguo za kuchaguliwa mwanzo. Msichana mmoja hakukurupuka. Aligeuza kila rinda ndani nje, akakagua kwapa, akapandisha na kushusha zipu, kisha akalielekeza kwenye mwanga. Alipopata sita akataja bei yake, akajifanya anaondoka. Akaitwa. "Huyo ni mjanja," muuzaji alinong'ona, na nilisikia heshima katika sauti yake.

Jioni, kwenye foleni ya matatu, mama mmoja alisimulia jinsi mpwa wake alivyouziwa simu barabarani, akafika nyumbani akakuta kipande cha sabuni. "Alichezwa na wajanja," alisema. Neno ni lile lile.

Katika kamusi, ujanja huelezwa kama hila. Lakini mjini, asiyekuwa nao ni fala, na hakuna anayetaka kuwa fala Nairobi. Hivyo neno la lawama likapandishwa cheo. Waingereza nao walipitia njia hiyo: neno lao "shrewd", linalosifu mtu mwenye akili ya biashara, katika karne ya 14 lilimaanisha mwovu.

Kiswahili kina maneno mengine ya kazi hii, nayo hayalingani. Werevu, ambao wengine huuita welevu, uko karibu na kuelewa: mwerevu ameng'amua jambo kabla ya wenzake, basi. Atakachokifanya na alichong'amua ni shauri lake. Busara inatoka kwenye shina la Kiarabu linalohusu kuona. Mwenye busara huona jambo, akaona pia litakakoishia, na nani ataumia.

Mfano ninaoupenda ni nyoka. Katika Biblia ya Union Version, Mwanzo 3 inasema nyoka alikuwa "mwerevu" kuliko wanyama wote wa mwitu, na tunajua alichomfanyia Hawa. Ukifika Mathayo 10:16, wanafunzi wanaambiwa wawe "na busara kama nyoka". Mnyama ni yule yule. Kinachobadilika ni kazi anayotumiwa, na neno nalo limebadilika.

Na Abunuwasi je? Aliazima sufuria ya jirani, akairudisha na kijisufuria akidai imezaa, na jirani akapokea vyote viwili. Safari ya pili akasema sufuria imekufa. Huo ni wizi mtupu, lakini tunacheka upande wake kwa sababu jirani alikubali uzazi ulipomfaidi.

Yule msichana wa marinda hakumwibia mtu, kwa hiyo mimi ningemwita mwerevu. Pale sokoni hawatamwita hivyo. Watasema mjanja, au amechanuka, yaani amefunguka macho. Mwenye busara, kwao, ni mama mzee wa kibanda cha pembeni anayeitwa wawili wakigombania nafasi ya kutandika, na ambaye siku hizi hata beli hafungui.