Mizabibu ya Nchi za Baridi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mzabibu ni mmea wa nchi za jua tu, na kwamba mwenye kuupanda mahali panapolala theluji kwa miezi kadhaa anapoteza muda na mali yake. Dhana hii hutokana na kuutazama mzabibu wa Ulaya, Vitis vinifera, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Ni kweli kwamba macho, yaani vifundo vya tawi vinavyotoa machipukizi, ya aina nyingi za mzabibu huo hufa baridi inapofikia kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata hivyo, Amerika ya Kaskazini ina mzabibu wake wa mwituni, Vitis riparia, unaoota kandokando ya mito na kustahimili baridi inayokaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Elmer Swenson, mkulima wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alianza mwaka 1943 kuchavusha mizabibu ya jamii mbalimbali ili kupata machotara yenye ustahimilivu huo na matunda yanayofaa, na baadaye Chuo Kikuu cha Minnesota kikatoa aina za Frontenac mwaka 1996, La Crescent mwaka 2002 na Marquette mwaka 2006. Marquette, ingawa ni chotara, ina Pinot noir, zabibu nyeusi mashuhuri ya Ufaransa, katika ukoo wake wa karibu, na mvinyo wake mwekundu ukitengenezwa kwa uangalifu hauna cha kuomba radhi.

Dhana ya pili ni ngumu zaidi kuing'oa, kwa sababu inafanana na ukweli: kwamba adui mkuu wa shamba la namna hii ni usiku wa baridi kali kuliko zote katikati ya majira ya baridi. Mzabibu hausubiri baridi ikiwa umelala tu. Siku zinapofupika, mmea hupunguza maji katika seli zake, hugeuza wanga kuwa sukari, na maji yanayosalia ndani ya macho yaliyolala huweza kushuka chini kabisa ya kiwango cha kuganda bila kuganda. Ustahimilivu huo hujengeka polepole na kubomoka haraka. Ndiyo maana baridi ambayo mzabibu uliikabili Januari bila madhara yaweza kuuua uleule mwezi Machi, baada ya juma moja la joto lililoudanganya kwamba majira yamegeuka. Theluji yenyewe, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa maadui, ni blanketi kwa mizizi na sehemu ya chini ya shina.

Kinachoumiza kwelikweli ni sakitu ya masika, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande wakati mimea imeanza kuchipua. Chipukizi bichi hufa kwa nyuzi mbili au tatu tu chini ya sifuri, hata kama mmea wake ulivuka salama nyuzi 30 miezi mitatu iliyopita. Hapa ndipo wakulima wapya wanaponaswa: wanadhani aina inayostahimili majira ya baridi inastahimili sakitu pia, ilhali machotara mengi yenye damu ya riparia huamka mapema, yakawa hatarini kuliko mizabibu ya Ulaya inayochelewa. Kila jicho lina akiba, kwa kuwa ndani yake mna machipukizi matatu, lakini la pili huzaa kidogo na la tatu aghalabu halizai chochote cha maana. Kwa hiyo mkulima mwangalifu hupanda mteremkoni, hewa baridi ipate kutiririka bondeni, na huchelewa kupogoa, kwa kuwa macho ya ncha ya tawi huamka kwanza na kuyachelewesha yaliyo karibu na shina. Wengine hunyunyizia maji usiku wa sakitu, jambo linaloonekana kama wazimu kwa asiyejua kwamba maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo huliweka chipukizi karibu na nyuzi sifuri. Sharti ni kutokatiza unyunyiziaji mpaka barafu ianze kuyeyuka yenyewe. Akikatiza katikati, uvukizi huvuta joto na hasara huzidi ya yule ambaye hakunyunyizia kabisa.

Husemwa pia kwamba mvinyo wa nchi za baridi ni mchungu kwa ukali wa asidi, na kwamba dawa yake ni sukari. Asidi ni nyingi kweli, hususan asidi ya maliki, ambayo haipungui upesi pasipokuwa na joto. Lakini mtengenezaji ana njia nyingi kabla ya kufikia sukari. Huondoa majani yanayofunika vichala ili jua liyafikie matunda. Huacha zabibu mtini hata baada ya kipimo cha sukari kuridhisha, kwa maana katika machotara sukari hutangulia na asidi hufuata kwa kusuasua. Kisha humruhusu bakteria Oenococcus oeni ageuze asidi ya maliki kuwa ya laktiki iliyo laini zaidi. Isitoshe, mvinyo wa povu hauwezi kuwa mzuri bila asidi, na Champagne, eneo la Ufaransa linalotengeneza mvinyo huo, imejengewa sifa yake juu ya msingi huo.

Sukari inayotiwa kabla ya kuchachuka, desturi inayobeba jina la Jean-Antoine Chaptal wa Ufaransa, haiutii mvinyo utamu, kwani hamira huila na kuigeuza kileo. Takriban gramu 17 kwa lita huongeza asilimia moja ya kileo. Si udanganyifu inapofanywa ndani ya mipaka ya sheria, ila haiwezi kuleta harufu ambayo zabibu mbichi haikuwa nayo.

Punje zinazong'aa chini ya chupa si vipande vya kioo wala sukari. Ni chumvi ya asidi ya tartariki, na kiwanda huizuia kwa kuupoza mvinyo hadi karibu na kuganda kabla ya kuutia chupani.

Mwishoni iko dhana kwamba ongezeko la joto duniani ni neema tupu kwa mashamba haya. Kwa mvinyo wa barafu, ambao hukamuliwa kutoka kwa zabibu zilizoganda zikiwa bado mtini, Ujerumani hudai nyuzi 7 chini ya sifuri na jimbo la Ontario nchini Kanada nyuzi 8. Zao la Ujerumani la mwaka 2019 lilikosa baridi hiyo katika maeneo yote 13 ya mvinyo. Na joto linaloanza mapema huyaamsha macho kabla sakitu haijamaliza zamu yake. Mwaka 2021 mwisho wa Machi ulikuwa na joto nchini Ufaransa, mizabibu ikachipua, na wiki ya kwanza ya Aprili wakulima walikesha wakiwasha mishumaa katikati ya safu za mizabibu ili kuipasha joto dhidi ya sakitu.