Mafua yameisha, kifua kinauma: maswali kuhusu moyo wa mwenye himofilia

Kijana wangu ana miaka 16 na ana himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Amepona mafua wiki iliyopita, ila sasa kifua kinamuuma, na kutoka barabarani hadi nyumbani Kibosho anasimama mara mbili kushika mgomba ahemee. Si uchovu tu?

Huenda ni uchovu, mama, lakini mpeleke leo. Virusi vya mafua, vya UVIKO-19 na vya kundi la koksaki vinaweza kuvimbisha msuli wa moyo, ukashindwa kusukuma damu vizuri. Mara nyingi dalili hutokea siku kadhaa au wiki moja mbili baada ya mafua, watu wakiwa wameshaacha kumwangalia mgonjwa: kifua kuuma, moyo kwenda mbio hata akiwa amekaa, pumzi kukata, miguu kuvimba. Akizimia, msisubiri kupambazuke.

Himofilia ndiyo imeleta haya?

Hapana. Himofilia ni upungufu wa protini ya kugandisha damu, faktori 8 au 9, na mtu huzaliwa nayo. Inachobadilisha ni matibabu.

Kivipi?

Ukisema "kifua kinauma" duka la dawa, utapewa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Zote hudhoofisha chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha, na damu yake tayari haigandi vizuri. Anaweza kuvuja tumboni. Sindano ya makalioni nayo huacha donge la damu ndani ya msuli. Kwa maumivu, mpe parasetamoli.

Hata hospitali kuna mtego. Msuli wa moyo ukivimba, kipimo cha troponini, protini inayotoka kwenye msuli wa moyo ulioumia, hupanda kama kwa mtu ambaye mshipa wa moyo umeziba, na mtu huyo hupewa aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo iwe hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, neno la kwanza dirishani liwe: "Ana himofilia, faktori fulani." Kadi yake ya kliniki iwe mkononi, si chini ya mkoba. Watampima umeme wa moyo, damu na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kukiwa na haja ya kuingiza mrija mshipani, apewe faktori kwanza.

Akipona, atarudi uwanjani lini?

Kwa kawaida ni miezi 3 hadi 6 bila mazoezi mazito wala kubeba mizigo, hata akijisikia mzima, kwa sababu mapigo yanaweza kuvurugika ghafla akikimbia. Eko irudiwe kwanza. Na mpira wenyewe, kama himofilia yake ni kali, ulihitaji ruhusa ya daktari hata kabla ya mafua.