Kesi ya kimkakati ni nini?

Kesi ya kimkakati ni shauri linalofunguliwa ili kuigusa sheria yenyewe inayoumiza wengi, si kumpa nafuu mlalamikaji peke yake. Ukidai fidia ya kihamba chako, yaani shamba la ukoo, huko Moshi Vijijini, hiyo ni kesi yako. Ukidai kwamba kifungu kilichoruhusu kihamba kichukuliwe bila fidia kinapingana na Katiba, ushindi wako unamfikia na jirani.

Vijana wanaomaliza shahada ya sheria hapa Arusha huwa nawapa mfano wa mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba Mtanzania anaweza kugombea bila chama. Bunge likabadilisha Katiba kuzuia jambo hilo. Akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Shauri likaletwa hapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, likaunganishwa na la Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 walalamikaji wakashinda. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao nao ulifanyika bila mgombea binafsi.

Kwa hiyo kijana anayetaka kazi hii ajifunze sera pamoja na sheria. Mahakama hutamka, lakini anayeandika kifungu upya ni Bunge. Shule ya Sheria itamwandaa kuwa wakili. Kusoma taarifa rasmi za Bunge na kuieleza hukumu ya kurasa mia kwa kurasa mbili ambazo mbunge atazisoma, hayo atayapata kwa kujitolea kwenye mashirika, mara nyingi kwa nauli tu. Ni mwanzo mgumu, na kwa mtoto wa familia isiyo na kitu naona si haki.

Mlango wa Mahakama ya Afrika hapa Arusha nao umebana. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kufanya kazi. Uzito umerudi Mahakama Kuu, na huko marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Bila mtu huyo hapakuwa na kesi.

Kumpata mtu aliyeathirika ndiyo kazi ya kwanza ya mwanasheria mchanga, na ndiyo ninayoiogopa zaidi ikifanywa kwa haraka. Mama anayekubali jina lake liandikwe kwenye shauri atabaki kijijini baada ya mawakili kurudi mjini. Aelezwe, kwa Kichagga au Kimaasai ikibidi, kwamba kesi inaweza kuchukua miaka kumi, kwamba majirani watasema, kwamba anaweza kushinda na sheria ikabaki vilevile. Kisha apewe siku za kufikiri, na akikataa, aagwe kwa heshima ileile.