Data Iliyokwama Njiani: Klasta Mbili za Kanzidata Zinapoacha Kulingana

Mtu amelipia huduma na ujumbe wa kuthibitisha malipo umeshamfikia. Anafungua akaunti yake, anaambiwa bado anadaiwa. Anaupakia ukurasa upya: deni limeondoka. Anaupakia tena: deni limerudi. Mhudumu wa wateja atamwambia asubiri kidogo, na mara nyingi kusubiri kunasaidia kweli, ndiyo maana tatizo hili huchelewa kutufikia sisi tunaoshinda na kanzidata. Likifika, halihitaji maelezo mengi. Ukurasa unasomwa kwenye seva zaidi ya moja, na mojawapo imeachwa nyuma.

Katika mpangilio wa kawaida, klasta moja, yaani seva au kundi la seva zinazotunza kanzidata, ndiyo kuu na ndiyo pekee inayopokea maandishi mapya. Kila badiliko huingia kwanza kwenye faili za logi. Klasta ya nakala huzisoma logi hizo na kurudia kila tendo kwa mpangilio uleule; kazi hii huitwa urudufishaji. Katika PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata, logi hiyo huitwa WAL, nayo hukatwa vipande vya MB 16 usipobadilisha kitu. Katika MySQL, programu nyingine ya aina hiyo, ni binlogi. Kwa hiyo badiliko lina vituo vinne vya kupitia: kuandikwa kwenye seva kuu, kutumwa, kupokelewa na kuhifadhiwa kwenye diski ya nakala, kisha kutekelezwa. Kabla hujawasha upya chochote, kabla hujafuta chochote, jiulize badiliko la mwisho limeishia kituo gani. Wengi huruka swali hili, wakaanza kujenga nakala upya kwa saa nzima, halafu ikakwama palepale.

PostgreSQL hulijibu yenyewe. Kwenye seva kuu soma pg_stat_replication, orodha yenye mstari mmoja kwa kila nakala iliyounganika; namba za LSN zilizomo huonyesha nafasi iliyofikiwa ndani ya WAL: iliyotumwa (sent), iliyohifadhiwa kwenye diski (flush) na iliyotekelezwa (replay). Tuseme umeona sent_lsn ni 5/A2000000, flush_lsn ni 5/A2000000 vilevile, lakini replay_lsn ni 5/1C000000. Mbili za kwanza zinalingana, maana yake kila kilichotumwa kimeshafika na kimelala kwenye diski ya nakala. Ya tatu iko nyuma kwa takriban GB 2. Hapo mafundi wa mtandao waache walale. Shida iko kwenye utekelezaji. Kama sent_lsn yenyewe imeachwa mbali na nafasi ambayo seva kuu inaandika sasa, hapo ndipo mtandao au mchakato wa kutuma unapotiliwa shaka. Na kama mstari wa nakala haupo kabisa, basi haijaunganika: nenosiri limebadilishwa, cheti kimeisha muda, faiwoli imefungwa, au diski ya nakala imejaa. Logi ya makosa ya nakala itakutajia ni lipi.

Mtandao husingiziwa sana. Mara nyingi nilizoitwa, mkwamo ulikuwa kwenye kituo cha mwisho. Kuna mtu amefuta mamilioni ya safu kwa amri moja. Au jedwali halina ufunguo msingi, yaani safuwima ya kuitambulisha kila safu, na nakala ya MySQL inalazimika kulipekua jedwali zima tena na tena ili kuipata kila safu ya kufuta. Au nakala imegeuzwa mahali pa kutolea ripoti. Hili la ripoti lina mtego wake katika PostgreSQL: seva kuu ikifagia masalia ya safu zilizofutwa, nakala nayo hutakiwa kuyafagia, lakini kuna ripoti bado inayasoma. Kwa kawaida nakala huivumilia kwa sekunde 30, kisha huikatisha. Watu wa ripoti wakilalamika, msimamizi huweka max_standby_streaming_delay kuwa -1, yaani subiri bila kikomo. Ripoti zinapona, na utekelezaji wa mabadiliko unasimama mpaka ripoti ziishe.

MySQL ina kipimo kinachopendwa na kila mtu, Seconds_Behind_Source. Kikisoma 0, skrini inakuwa ya kijani na kila mtu anaenda zake. Lakini kipimo hicho huangalia umri wa tukio linalotekelezwa kwenye nakala wakati huo. Kama mtandao ni mzito na matukio hayajafika, mtekelezaji amemaliza machache aliyonayo, basi anaripoti sifuri kwa sababu hana kazi. Mimi siku hizi naamini mapigo tu: jedwali dogo kwenye seva kuu linaloandikwa saa ya sasa kila sekunde, halafu nalisoma upande wa nakala. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo kuchelewa kwenyewe, mradi saa za seva zimelinganishwa.

Kuna hitilafu nyingine huanzia kwenye nakala ikaiua seva kuu. Sloti ya urudufishaji katika PostgreSQL, yaani nafasi seva kuu inayomtunzia kila mfuasi wake, huahidi kutotupa kipande chochote cha WAL mpaka nakala husika ikichukue. Nakala ya majaribio ikizimwa na sloti yake ikasahaulika, ahadi inaendelea, vipande vinarundikana, diski inajaa, na seva kuu inasimama. Angalia pg_replication_slots, sloti isiyo hai ambayo hakuna anayejua ni ya nani, ulizia kisha iondoe. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020 kuna max_slot_wal_keep_size ya kuweka kikomo, ila bila kuigusa haina kikomo chochote. Tafadhali usiingie kwenye saraka ya pg_wal kufuta faili kwa mkono ili kupata nafasi. Pasipo sloti wala hifadhi ya pembeni ya vipande hivyo vya WAL, shida hugeuka: nakala inarudi baada ya kupotea kidogo na kukuta kipande inachokihitaji kimeshatupwa. MySQL 8.0 huweka binlogi siku 30. Ukizipunguza kuwa siku moja ili kubana diski, nakala iliyozimika Ijumaa itakusalimu Jumatatu kwa kosa namba 1236.

Sasa kosa 1062 la MySQL na ndugu yake 1032. La kwanza linasema safu inayoingizwa tayari ipo, la pili linasema safu inayotakiwa kubadilishwa haipo. Yote mawili ni ushahidi kwamba nakala haifanani tena na seva kuu, na kila mara dawa ya haraka ni kuruka tukio hilo ili urudufishaji uendelee. Niliwahi kukabidhiwa klasta ambayo mtangulizi aliiamuru iruke kila 1062 bila kuuliza. Haikuwa imeripoti kosa hata moja. Tulipolinganisha majedwali kwa pt-table-checksum, jedwali baada ya jedwali halikulingana, na nakala hiyo ndiyo iliyokuwa imepangwa kushika kazi siku seva kuu ikianguka. Ilibidi ijengwe upya yote. Urudufishaji uliosimama na kosa lake limeandikwa ni afadhali mara mia kuliko huo. Chanzo cha kawaida ni mtu au programu iliyoandika moja kwa moja kwenye nakala; washa super_read_only ili nakala isiandikwe na yeyote, kisha soma binlogi ya nakala yenyewe umtambue mwandishi.

Nakala mbili za MySQL zinazopokezana kukatika kila baada ya muda mfupi pia zinachekesha, ukishajua sababu. Mashine ilinakiliwa nzima kutoka kwa mwenzake ikabeba hadi kitambulisho chake. Kila moja ikijiunga, seva kuu inadhani ni ileile imerudi na kuikata ya kwanza. Badilisha server_id, na uondoe auto.cnf ili server_uuid mpya itengenezwe.

Yakishindikana yote, utajenga nakala upya, na hapo ndipo pa kuogopa. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya huduma ya kutunza msimbo wa programu, walikuwa na nakala ya PostgreSQL iliyoachwa nyuma mpaka vipande vya WAL ilivyohitaji vikawa vimeshaondolewa. Zana ya kunakili, pg_basebackup, ilikaa kimya bila kuonyesha inasubiri nini. Mhandisi akadhani saraka ya data kwenye nakala haikuwa tupu, akatoa amri ya kuifuta, ila alikuwa kwenye seva kuu. Aliisimamisha sekunde moja au mbili baadaye. Katika takriban GB 300 zilibaki kama GB 4.5. Hifadhi rudufu za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu zana yake ilikuwa ya toleo tofauti na kanzidata. Waliokolewa na picha ya diski ya saa sita nyuma, na data ya saa hizo sita ikapotea. Katika marekebisho waliyoyatangaza limo hili dogo: kubadilisha mstari wa amri wa kila seva ili anayeandika aone wazi yuko kwenye mashine ipi.